Tume si kibogoyo

Ukitaja Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kijiweni hapa Dodoma, hakosekani wa kusema haina meno. Mimi nasema meno inayo, ila haing'ati.

Fungua sheria yake, Na. 7 ya 2001, kifungu cha 28. Tume ikishatoa mapendekezo, ofisi iliyolalamikiwa hupewa muda, usiozidi miezi 3, ieleze imetekeleza nini. Ikikaa kimya, Tume inaweza kufungua kesi yenyewe. Sasa tazama Nyamuma, Serengeti, ambako wananchi waliondolewa kwa nguvu mwaka 2001. Tume ilichunguza, ikaona haki zao zimevunjwa, Serikali ikakataa mapendekezo. Aliyeibeba kesi mpaka Mahakama ya Rufani? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, asasi ya kiraia. Tume yenye kifungu mkononi haikuibeba.

Lawama nyingine ni zetu walalamikaji. Kulalamika ni bure, kwa barua au kwa mdomo, lakini barua nyingi zina machungu mengi na maelezo kiduchu. Chukua mkulima wa Bahi aliyewekwa ndani kwa amri ya mkuu wa wilaya. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inaruhusu saa 48, tena pale tu amani inapokuwa hatarini, na sababu ziandikwe. Basi asiandike "nilionewa". Aandike siku na saa aliyoingia mahabusu, aliyotoka, kituo gani, nani alitamka amri, nani alishuhudia. Saa hizo ndizo ushahidi. Aambatishe nakala, karatasi halisi abaki nazo. Na kama shauri liko mahakamani tayari, asijisumbue, Tume haitaligusa. Ugomvi wa mpaka na jirani nao aupeleke baraza la ardhi la kata.

Kinachonikera zaidi kimo kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 129 inawapa makamishna miaka 3 tu, na kipindi kimoja kingine wakiteuliwa tena. Ibara ya 130 inatamka kuwa Tume ni idara huru, kisha inamruhusu Rais kuipa maelekezo akiona maslahi ya taifa yanadai hivyo. Kamishna anayesubiri kuteuliwa tena, na uteuzi uko kwa Rais huyohuyo, atamshtaki waziri gani?