Baba hahitaji shati jingine

Nikipiga simu nyumbani Muheza akapokea baba, dakika haiishi. Shikamoo baba. Marahaba, hujambo? Sijambo. Watoto? Wazima. "Haya, ngoja nimpe mama yako." Na mama tunakaa nusu saa. Miaka yote nilidhani baba hapendi simu. Siku hizi naona alikuwa ananipisha tu, maana sikuwahi kumpigia kwa jambo linalomhusu.

Jumapili ya tatu ya Juni, Siku ya Baba, ikifika nami hubandika picha yake kama wenzangu. Mashati nimemnunulia mawili. Yote yamo sandukuni yanasubiri harusi. Sina ugomvi na siku yenyewe. Sonora Smart Dodd, aliyeianzisha Spokane, Marekani, mwaka 1910, alikuwa na sababu: baba yake alibaki mgane akalea watoto sita. Ila shati halisemi lolote kuhusu kazi ya namna hiyo.

Mzee wangu ni seremala. Hajastaafu, magoti ndiyo yamestaafu. Nilipofika hatua ya milango katika nyumba yangu, nikampigia: "Baba, nimeletewa mbao za mninga, sijui kama zimekauka. Njoo uniangalizie." Kesho yake alipanda basi la kwanza, randa yake imefungwa kwenye gunia.

Hakusema mengi. Aliinua ubao mmoja mmoja kupima uzito, akafumba jicho moja kutazama kama umenyooka, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Nne akaziweka kando. "Hizi bado mbichi. Ukizifunga leo, mwezi wa nane mlango hauingii." Fundi wangu, kijana, alinuna. Kufikia saa sita alikuwa anamshikia futi na kumwita mwalimu.

Alikaa siku tatu. Usiku wa pili ndipo nikajua kwamba ada yangu ya kidato cha tano ilitokana na vitanda vinne, na mwenye vitanda alichelewa kulipa. Miaka ishirini hakuwahi kunitajia.

Ndiyo maana nasema: muombe baba anachokijua, kisha ukifuate. Usimwigizie, wazee wananusa. Na pesa itume kwenye simu yake, usiipitishe kwa mama, hata kama ni elfu kumi, awanunulie wenzake kahawa bila kuomba ruhusa. Kuhusu presha, kumwambia "nenda kapime" hakutoshi. Nenda naye, kaeni foleni pamoja, na wewe upimwe.

Wapo ambao baba zao hawakuacha ada wala kitanda. Hao siwapangii.

Mwezi wa nane alipiga mwenyewe.

"Mlango vipi?"

"Unafunga vizuri, baba."

"Ule wa jikoni je? Ule uko upande wa mvua."

Nikaanza kumweleza wa jikoni. Nyuma nilimsikia mama akiomba simu.

"Subiri kwanza," akamwambia. "Tunaongea."