Maporomoko ya Mukimo

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. Tulikuwa tumetandika leso pale juu ya maporomoko ya Nyahururu, mto Ewaso Narok unajitupa mita 74 chini, mvuke unatupiga usoni, akasema, "Mwalimu, hili bonde nalo lilichimbwa na nani?"

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kuniuliza hivyo mbele ya wakwe ni kumwonyesha fisi mfupa.

"Ni mto wenyewe, Mama." Nikavuta hotpoti, nikaupindua mukimo wote, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye sinia, nikaukata ubavu mmoja wima, kisha nikalaza chapati juu yake. Shemeji akatoa simu kurekodi. Baba mkwe hakusema kitu. Alikuwa na njaa tangu Nyeri.

"Chapati ni mwamba mgumu. Mukimo ni mwamba mwororo." Maji yalikuwa yameisha, nikatumia chai, bahati nzuri imepoa. "Mto ukipita juu, mwamba mgumu hautikisiki. Lakini maji yakianguka yanazungusha mawe na changarawe kule chini, yanakwangua ule mwororo."

Punje za mahindi zikaanza kuelea. Nilifurahi mno, hata darasani sijawahi kupata changarawe tiifu namna hiyo.

"Chini panakuwa pango, juu panabaki pametokeza bila nguzo. Siku moja panaporomoka, na maporomoko yanarudi nyuma, kuelekea mto unakotoka. Niagara, mpakani mwa Marekani na Kanada, yamerudi nyuma kama kilomita 11 kwa miaka 12,000 hivi."

"Yanatembea?" Mama akashika kifua.

"Yanatembea, Mama! Huyo mpelelezi Mskoti, Joseph Thomson, aliyepita hapa 1883 na kuyapa jina la Thomson, nina hakika hakuyakuta pale pale yalipo leo."

Nikamimina tena, kwa mbwembwe kidogo. Chapati ikainama. "Sasa tazameni!"

Wakatazama. Chapati, nusu ya mukimo na chai yote vikashuka kwa pamoja hadi kwenye mapaja ya Baba mkwe, juu ya suruali ya kanisani, rangi ya maziwa.

Baba akaibandua chapati gotini, akaigeuzageuza.

"Na hii," akauliza taratibu, "imechukua miaka mingapi?"

Hapakuwa na hotpoti ya pili. Tulinunua mahindi ya kuchoma langoni, na kila nilipofungua kinywa kuongea, Baba alisogeza miguu.