Hedseti ya rubani: umeme wa ndege au betri?

Mwanafunzi wa urubani anayeanza masomo katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, hukutana mapema na suala la hedseti. Akishaamua kununua ile inayopunguza kelele kwa umeme, huulizwa jambo la pili ambalo wengi hulijibu kwa haraka mno: anataka ya plagi mbili yenye kisanduku cha betri, au ya plagi moja ndogo ya pini 6 inayopata umeme kutoka kwenye ndege yenyewe? Bei za aina hizi mbili hukaribiana. Zile za daraja la juu huvuka dola 1,000, yaani kama shilingi 130,000 na zaidi kabla ya usafirishaji na ushuru. Kwa mtu anayelipia kila saa anayokaa angani, ukinunua isiyofaa umeumia.

Naegemea betri kwa yeyote anayerusha ndege za kukodi au za shule. Hata hivyo hoja za upande wa pili ni nzito, na zipo kampuni pale Wilson ambazo naona zinapaswa kuzifuata kwa faida ya marubani wao.

Kwanza tuelewe umeme wenyewe unafanya kazi gani. Chukua Cessna 172, ndege ya kawaida kabisa kwa wanafunzi. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, rafadha (propela) yenye mapanga mawili hupiga hewa mara 80 kila sekunde, na mafuta ndani ya mitungi 4 ya injini nayo hulipuka mara 80 kila sekunde. Huo ni mngurumo mzito wa chini, na sauti za namna hiyo ndizo sponji na plastiki ya hedseti ya kawaida hushindwa kuzizuia. Sauti kali za juu, kama mluzi wa upepo kwenye mlango, sponji huziweza. Mngurumo hupenya. Hedseti yenye umeme ina maikrofoni ndani ya kikombe cha sikio. Huusikiliza mngurumo huo kisha hutoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi mawili yakikutana hufutana. Kampuni ya Bose ilianza kuuza hedseti za namna hii kwa marubani mwaka 1989, na siku hizi watengenezaji ni wengi.

Masikio ndiyo yanayonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito. Ndani ya ndege ndogo za injini ya pistoni kelele mara nyingi huwa kati ya desibeli 85 na 100. NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja tu. Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, hasa mchana wa jua, ndege ndogo hupanda polepole, na rubani hukaa muda mrefu zaidi injini ikiwa imesukumwa hadi mwisho kuliko angekaa Malindi. Usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi. Kwa hiyo kati ya hedseti yenye umeme wa aina yoyote na isiyo na umeme, mimi sina mashaka hata kidogo. Mjadala ni umeme huo utoke wapi.

Plagi mbili za kawaida zimekuwa kwenye ndege ndogo kwa miongo mingi: moja nene ya milimita 6.3 kwa ajili ya kusikiliza, na nyingine nyembamba kidogo kwa ajili ya maikrofoni, zisichomekwe kimakosa. Soketi hizo hazitoi umeme wa kuondoa kelele, na ndiyo sababu kisanduku cha betri kipo katikati ya waya. Lakini maikrofoni ya mdomoni hupata umeme wake mdogo kutoka kwenye ndege kupitia plagi ile nyembamba. Hapa ndipo wengi hukosea wanapoiogopa betri. Betri ikifa redio haifi. Utaendelea kuusikia mnara wa kuongozea ndege na mnara utaendelea kukusikia; kinachoondoka ni ukimya, na hedseti yako inakuwa kama zile za zamani zinazotegemea sponji.

Nisilipunguze tatizo, maana si dogo linapotokea. Umezoea utulivu, uko mkondo wa mwisho kuelekea njia ya kutua, mbele yako kuna Cessna Caravan, ndege ya abiria wachache, inayorudi kutoka Maasai Mara, na mnara unasoma maelekezo harakaharaka. Taa ndogo kwenye kisanduku ilikuwa ya kijani ulipowasha injini, ikageuka manjano bila wewe kuiona kwa sababu kisanduku kilikuwa kimeteleza kando ya kiti, sasa ni nyekundu, na ghafla mngurumo wote unaingia. Mkono unaotakiwa kuwa kwenye throto, wenzo wa nguvu ya injini, unatafuta kitufe cha kuongeza sauti. Kwa rubani mzoefu hilo ni usumbufu wa sekunde chache. Kwa mwanafunzi anayeruka peke yake kwa mara ya kwanza, linatosha kumfanya akose neno moja la mnara, na neno hilo laweza kuwa amri ya kughairi kutua na kuzunguka upya.

Mtetezi wa umeme wa ndege atasema hapo hapo kwamba kwake hayo hayatokei, na ni kweli. Unachomeka plagi moja inayojifunga yenyewe na haichomoki ovyo ukiigusa kwa goti. Unawasha swichi ya redio, hedseti inawaka. Unazima, inazima. Hakuna cha kusahau kikiwaka usiku kucha ndani ya begi. Hakuna kisanduku kizito kinachoning'inia mapajani. Tena hakuna betri za kuvuja. Aliyewahi kufungua kisanduku kilichokaa miezi na betri ndani anaijua ile chumvi nyeupe inayokula vishikio vya chuma. Na katika mji ambao betri bandia ni nyingi kama huu wetu, kutotegemea betri ya dukani ni faida ya kweli.

Gharama ya betri zenyewe, nadhani, hukuzwa kupita kiasi. Bose kwa hedseti yake ya A20 ilitangaza takriban saa 45 kwa betri mbili za AA, zile zile za saa ya ukutani. Leseni ya rubani wa kibiashara kwa kawaida huhitaji saa 200 za kuruka. Hiyo ni jozi 5 kwa safari nzima ya mafunzo. Hata ukizibadilisha mapema kwa tahadhari, na ninashauri ufanye hivyo, fedha hiyo haifikii mafuta ya saa moja. Wanaopenda za kuchaji wakumbuke kwamba nyingi ni za volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo taa ya onyo inaweza kudanganya kuhusu muda uliobaki.

Kinachoniamulia mimi ni kwamba mambo haya hayaendi sawa pande zote mbili. Hedseti ya plagi mbili na betri hufanya kazi karibu katika kila ndege ndogo utakayoikuta Wilson: Cessna 152 ya zamani, Piper Cherokee, 172 mpya yenye skrini. Hata ndege za kisasa zenye soketi ya pini 6, kama vile Cirrus, kwa kawaida huwa na soketi mbili za kawaida pia. Kinyume chake hakiko hivyo. Hedseti ya pini 6 ukiipeleka kwenye Cherokee ya miaka ya 1970 haina pa kuchomekwa. Zipo adapta zinazoigeuza kuwa plagi mbili, lakini ili kelele ipunguzwe adapta yenyewe lazima iwe na betri. Hapo umelipa zaidi ili urudi kwenye kitu ulichokuwa ukikikimbia.

Na mwanafunzi wa Nairobi hachagui ndege. Leo amepangiwa hii, kesho ile iko kwenye ukaguzi wa saa 100, anapewa nyingine, na baada ya kupata leseni huenda akahamia shule au klabu nyingine kutafuta saa za bei nafuu. Hawezi kumwomba mwenye ndege afunge soketi mpya kwa ajili yake. Kuifunga kunahitaji mhandisi wa matengenezo mwenye leseni, waya wenye fyuzi yake au swichi ya kujikata, na kazi hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za ndege kwa utaratibu unaokubaliwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Ikifungwa vibaya, pamoja na umeme unaletewa mluzi wa alteneta (mashine inayozalisha umeme kwa nguvu ya injini) unaopanda na kushuka ukifuata kasi ya injini, masikioni, safari nzima.

Kuna pia suala la umeme wa ndege kukatika. Alteneta ikifa, rubani huanza kuzima vitu ili betri kuu idumu, na umeme ukiisha kabisa hedseti ya pini 6 nayo hunyamaza pamoja na redio. Watu huuliza: redio ikishazima, utulivu masikioni una kazi gani? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba rubani makini hubeba redio ya mkononi, na redio hizo nyingi zina adapta ya plagi mbili. Mwenye hedseti ya betri ataiunganisha, atausikia mnara vizuri na kuueleza shida yake, badala ya kurudi akitegemea ishara za taa kutoka mnarani. Wa pini 6 anaweza kufanya hivyo pia iwapo alibeba adapta nyingine ya ziada. Nikiri kwamba tukio hili ni nadra, na nisingemshauri mtu atoe shilingi 130,000 kwa sababu yake peke yake.

Sasa geuza hali. Rubani ameajiriwa, anarusha Caravan ile ile au zinazofanana, asubuhi Mara, mchana Amboseli, jioni Nanyuki. Rafadha ya mapanga 3 ikizunguka mara 1,900 kwa dakika hupiga hewa mara 95 kwa sekunde, bado ni mngurumo ule ule wa chini, na yeye hukaa ndani yake siku baada ya siku kwa miaka. Hapa kubadilisha betri kunakuwa kazi ya kila wiki chache, na siku akichoka atasahau. Ndege ni za kampuni, wahandisi ni wa kampuni, na ndege huingia karakana mara kwa mara kwa ukaguzi ambapo paneli hufunguliwa hata hivyo. Katika hali hiyo sioni sababu ya kuwaachia marubani mzigo wa betri. Kampuni ifunge soketi za pini 6 kwenye ndege zake zote, isiziache hata moja, kwa sababu ikifunga nusu imemrudisha rubani kwenye tatizo la mwanafunzi. Na isiondoe soketi za zamani, maana rubani mgeni au mkaguzi atakuja na plagi mbili. Vivyo hivyo kwa mwenye ndege yake binafsi anayeirusha yeye mwenyewe: afunge.

Wanaojiandaa kwa mashirika makubwa wasinunue hedseti ya kesho leo. Airbus zina soketi yao ya pini 5, helikopta zina plagi yao moja, na Kenya Airways yenyewe hurusha Boeing na Embraer. Huwezi kujua utaajiriwa wapi. Baadhi ya hedseti mpya huruhusu waya wa chini kubadilishwa bila kununua hedseti nzima, na nyingine hutumia umeme wa ndege ukiwepo na kuhamia kwenye betri ukikosekana. Ukiweza kumudu ya namna hiyo, chukua yenye waya wa plagi mbili kwanza.

Kabla ya kulipa, nenda kwenye ndege unazopangiwa kweli kweli, uinamie chini ya dashibodi upande wa kushoto na wa kulia, uone soketi zipi zipo na kama zinashika. Soketi nyingi za plagi mbili kwenye ndege za mafunzo zimelegea au zina kutu kutokana na miaka ya kuchomekwa na kuchomolewa, na mkwaruzo unaousikia ukizungusha plagi hauondolewi na hedseti ya bei yoyote. Huo uuripoti kwa fundi, auandike, abadilishe soketi.