Kwotabeki, bandama na siku saba: kurudi kwa Sam Darnold baada ya mono

Alhamisi ya tarehe 12 Septemba 2019, New York Jets walitangaza kwamba kwotabeki wao, Sam Darnold, ameugua mononukliosisi, maradhi ambayo Wamarekani huyaita mono kwa kifupi. Alikuwa na miaka 22, ndiyo kwanza anaanza msimu wake wa pili katika NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na siku nne nyuma timu yake ilikuwa imefungwa 17 kwa 16 na Buffalo Bills. Alirudi uwanjani tarehe 13 Oktoba, siku ya 31 tangu tangazo lile, Jets wakawafunga Dallas Cowboys 24 kwa 22. Mabishano yote yako kwenye Jumapili moja katikati: tarehe 6 Oktoba, siku ya 24, mechi dhidi ya Philadelphia Eagles. Kijana alishaanza mazoezi, mkono ulikuwa unarusha, naye alitumaini kucheza. Madaktari wakamzuia kwa sababu bandama lilikuwa bado limevimba. Tunachopima hapa ni hizo siku saba: zilikuwa busara au woga?

Kwa asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani, kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulio na kuamua uende wapi. Akikosekana, timu haibadilishi mchezaji mmoja tu, inabadilisha mchezo wake mzima. Jets walilipia hilo haraka. Trevor Siemian, wa akiba, aliumia kifundo cha mguu katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Cleveland Browns na msimu wake ukaishia hapo. Akaingia Luke Falk, chaguo la tatu. Mechi tatu bila Darnold zilikwisha kwa 23 kwa 3, 30 kwa 14 na 31 kwa 6, zote wamefungwa. Ile ya 30 kwa 14 hata inawasifia kupita kiasi, maana pointi zote 14 zililetwa na walinzi na kikosi cha mipira ya mateke. Safu ya ushambuliaji haikufunga kitu.

Sasa maradhi yenyewe. Mono husababishwa na kirusi cha Epstein-Barr, kinachoambukizwa kwa mate, na hukaa mwilini wiki nne hadi sita kabla ya dalili kutokea. Mgonjwa hupata homa, koo linalouma vibaya, tezi za shingo kuvimba, na uchovu usioelezeka. Kipimo cha haraka cha damu huweza kudanganya katika wiki ya kwanza kwa kusema hakuna kitu, ndiyo maana wengi hutibiwa koo kwanza. Wakipewa antibiotiki ya amoksilini, mara nyingi hutokwa na vipele mwili mzima. Dawa ya kukiua kirusi hicho haipo. Mgonjwa anahitaji kupumzika, kunywa maji, na kutuliza maumivu kwa uangalifu, kwa kuwa ini nalo huwa limeguswa.

Msomaji wa Mwanza au Mombasa anaweza kushangaa kwamba hajawahi kumsikia mchezaji wa kwao akikosa mechi kwa mono. Si kwamba kirusi hakipo. Huku watoto wengi hukipata wakiwa wadogo sana, mara nyingi kabla ya miaka mitatu, na mtoto mdogo hukipitia bila dalili za maana. Anayeugua hasa ni yule aliyekikwepa utotoni akakutana nacho akiwa na miaka 15 hadi 24, na hao Marekani wako wengi. Tena ni kirusi chenye historia ya Afrika Mashariki: kiligunduliwa London mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe wa taya vilivyosafirishwa kutoka Uganda, uvimbe ule wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Kampala mwaka 1958. Na bandama lililovimba sisi tunalijua vizuri zaidi ya Wamarekani, kwa sababu ya malaria. Haya yanayofuata yanamhusu pia mchezaji wa Kisumu aliyetoka kuugua malaria kali, ingawa hesabu za siku zilizotajwa hapa ni za mono.

Bandama la mtu mzima lina ukubwa wa ngumi na uzito wa takriban gramu 150, nalo limejificha upande wa kushoto nyuma ya ubavu wa 9 hadi wa 11. Wakati wa mono hujaa seli za kinga, likanenepa, na ngozi yake ya nje ikakonda na kutanuka. Katika hali hiyo laweza kupasuka kwa pigo, kwa kujikamua, hata bila sababu inayoonekana. Likipasuka, damu humwagika tumboni. Dalili ni maumivu ya ghafla upande wa kushoto juu ya tumbo, pengine maumivu kwenye bega la kushoto ambalo halijaguswa na mtu, kizunguzungu, mapigo ya moyo kwenda mbio. Mtu huyo ana dakika au saa, hana siku.

Hoja ya waliotaka arudi tarehe 6 si ya kipuuzi. Kupasuka kwa bandama ni nadra: makadirio ya kawaida ni mgonjwa 1 hadi 5 kati ya 1,000. Tena hatari hiyo haigawanyiki sawasawa. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 uliokusanya visa 85 ulikuta kwamba takriban robo tatu vilitokea ndani ya siku 21 tangu dalili za kwanza, na takriban tisa kati ya kumi ndani ya siku 31. Ukichukua makadirio ya juu kabisa, 5 kati ya 1,000, baada ya siku ya 21 inabaki kama 1.3 kati ya 1,000. Siku zile saba za mabishano zinabeba sehemu tu ya hicho kilichobaki. Ongeza kwamba dalili huanza kabla ya tangazo la klabu, kwa hiyo siku ya 24 ya kalenda yetu ilikuwa ya mbali zaidi katika kalenda ya ugonjwa. Visa vingi katika mkusanyo ule havikutokana na pigo lolote, jambo linalowapa watetezi swali zuri: kama linaweza kupasuka mtu akiwa kitandani, kumkataza mpira kunamkinga kiasi gani?

Wana na hoja ya pili, ya kanuni. Tangu 2018 waamuzi wa NFL wameagizwa kuadhibu mlinzi anayemwangukia kwotabeki kwa uzito wake wote. Jets walikuwa wamemtengenezea Darnold kinga maalumu ya mbavu. Na kukaa nje nako kuna gharama: baada ya wiki tatu bila mazoezi pumzi hupungua, misuli hupungua, na jicho la kusoma walinzi hupoteza kasi. Anayesubiri mno huweza kurudi akiwa mzito wa miguu, na kwotabeki mzito wa miguu hupigwa zaidi.

Hapo kwenye kupigwa ndipo hoja zao zinapoanza kuyumba. Zile namba za 1 hadi 5 kati ya 1,000 zimetoka kwa wagonjwa wa kawaida, wengi wao wamelala nyumbani. Hazikutoka kwa watu wanaokimbiliwa na walinzi wa kilo 130. Huwezi kuchukua hatari ya mtu aliyeko kitandani ukamvalisha kofia ya chuma ukasema ni ileile. Siku hiyo ya 6 Oktoba, Eagles waliwaangusha makwotabeki wa Jets mara 10 wakiwa bado na mpira mkononi. Huenda Darnold angeutoa mpira haraka kuliko Falk, na pengine angeangushwa mara chache zaidi. Lakini hata nusu yake ni mara tano, bila kuhesabu yale mapigo yanayofika mpira ukiwa umeshaondoka.

Tazama pia jinsi kwotabeki anavyosimama. Darnold hurusha kwa mkono wa kulia, kwa hiyo bega la kushoto linaelekea mbele na mgongo wake unaelekea kushoto kwa uwanja, upande asiouona. Bandama liko kushoto, nyuma. Mlinzi anayetokea upande wa kipofu na yule anayepenya katikati, wote wawili wana njia ya kulifikia, na wanafika wakati mtupaji ameinua mikono, kifua kimefunguka, hana nafasi ya kukaza tumbo. Mpokeaji wa pasi au anayekimbia na mpira mara nyingi huona pigo likija, akajikunja. Kinga ya mbavu nayo husambaza nguvu ya pigo la moja kwa moja, lakini bandama lililovimba hushuka chini ya mbavu, mahali ambapo kinga imekwisha, na haiondoi mgandamizo wa tumbo mtu anapoangukia mpira mwenyewe au kuangukiwa.

Mwongozo unaotumiwa na madaktari wengi wa michezo uko hivi. Wiki tatu za kwanza tangu dalili, hakuna mazoezi: hakuna kunyanyua vyuma, hakuna kujikamua, hata kufunga choo hutibiwa mapema. Baada ya hapo, kama homa imeisha na mgonjwa anakula na kunywa vizuri, anaanza kutembea, baiskeli ya kusimama, kurusha bila kuguswa, akianzia kama nusu ya kazi yake ya kawaida na kuongeza pale tu ambapo kesho yake anaamka bila uchovu mpya. Michezo ya kugongana husubiri angalau wiki nne. Ukiuweka mwongozo huu juu ya kalenda ya Jets, ukihesabu tangu siku ya tangazo, 6 Oktoba inaangukia kwenye hatua ya kurusha bila kuguswa, na 13 Oktoba inapita mlango wa wiki nne. Sioni woga hapo, naona madaktari waliofuata kitabu huku mashabiki wakipiga kelele.

Hata hivyo kitabu chenyewe kina tundu, na upande wa tahadhari haupendi kulitaja. Madaktari wa Jets walitegemea ukubwa wa bandama. Kwa kawaida urefu wa hadi sentimita 12 kwenye altrasaundi huhesabiwa sawa. Lakini bandama hufuata mwili, na Darnold ana urefu wa mita 1.91. Mwanamichezo wa kimo hicho anaweza kuwa na bandama la sentimita 13 tangu ujana wake, akiwa mzima wa afya. Mwingine mwenye la kawaida la sentimita 9 likivimba hadi 11.5 ataambiwa yuko sawa, naye amebeba kitu kilichotanuka kwa zaidi ya robo. Kupapasa kwa vidole ni dhaifu zaidi, maana daktari hodari hukosa mabandama mengi yaliyovimba, na kubonyeza kwa nguvu nako si salama. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Viwili vilivyopishana kwa wiki vinaonyesha angalau mwelekeo: kama linasinyaa au limesimama palepale. Na kusinyaa si sawa na kuwa imara. Hakuna mashine inayopima kama ngozi ya bandama imerudi kuwa ngumu. Ndiyo maana idadi ya siku na kipimo vinapaswa kukubaliana. Kimoja kikikataa, mchezaji hachezi.

Kuhusu nguvu za mwili, pande zote mbili zilisema kidogo mno. Dhidi ya Cowboys Darnold alikamilisha pasi 23 kati ya 32, yadi 338, ikiwemo moja ya yadi 92 kwa Robby Anderson, watu wakasema amepona kabisa. Siku nane baadaye, Jumatatu ya 21 Oktoba, New England Patriots wakawafunga Jets 33 kwa 0, naye akakamilisha pasi 11 kati ya 32, na nyingine nne zikanyakuliwa na wapinzani. Waliosema alirudi mapema wakapata ushahidi wao, waliosema kinyume wakajibu kwamba walinzi wa Patriots mwaka ule walimfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Mechi mbili haziamui lolote. Ninachokubali ni kwamba uchovu wa mono huweza kudumu miezi, na huja kwa mawimbi. Mtu huwa mzima Jumapili na kuzimika Jumatano. Kocha Adam Gase angeweza kumpunguzia pasi na kumtoa mapema pale mechi iliposhaharibika. Hiyo ilikuwa njia ya kati, haihitaji daktari, na inazungumzwa kidogo sana.

Darnold alikuwa na bahati moja ambayo wengi hawana. Alichaguliwa wa tatu klabu za NFL zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2018, na mkataba wake wa miaka minne, takriban dola milioni 30, ulikuwa umehakikishwa wote. Aliweza kusema waziwazi kwamba hataki kucheza hadi awe na uhakika hatafia uwanjani, na klabu ikamsikiliza. Mchezaji wa mwisho kwenye kikosi hana ubavu huo. Katika NFL ugonjwa usiotokana na mpira huweza kumpeleka mchezaji kwenye orodha ambayo klabu hailazimiki kumlipa mshahara, tofauti na aliyevunjika akiwa kazini. Kijana wa namna hiyo akiumwa koo na kusikia uzito chini ya mbavu za kushoto, ana kila sababu ya kunyamaza, na wiki tatu za hatari kubwa kabisa zinapita akiwa uwanjani bila mtu kujua.

Mtikisiko wa ubongo una utaratibu wa ligi nzima, wenye hatua tano na mtaalamu asiyeajiriwa na klabu. Kwa mono jambo rahisi zaidi lingetosha kuanzia: kila mchezaji apimwe bandama mwezi Julai, kambi inapofunguliwa, urefu uandikwe kwenye faili lake. Wapo watakaosema ni kupoteza muda, wengi hawataugua kamwe. Altrasaundi ya bandama huchukua dakika chache na haina mionzi, na Oktoba hiyo daktari wa Jets angekuwa analinganisha bandama la Darnold na la Darnold mwenyewe.