Chanjo ya homa ya manjano ya 1942: amri haikuwa kosa

Likitajwa kosa la chanjo jeshini, Marekani ya 1942 haikosi kutajwa. Kwa amri ya jeshi askari walichanjwa dhidi ya homa ya manjano, na miezi kadhaa baadaye macho yakawa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi. Ilikuwa homa ya ini aina ya B, iliyopita kwenye seramu ya damu ya watu iliyotiwa katika chanjo ili kuvihifadhi virusi vyake. Waliolazwa walikaribia 50,000, na utafiti wa 1987 ulikadiria walioambukizwa kuwa 330,000, wengi wao bila kuugua kabisa.

Wakosoaji wana hoja nzito. Brazil walishayaona hayo kabla, wakaacha kutumia seramu ya binadamu. Maabara ya New York iliyoitengeneza chanjo ya jeshi ikaendelea kuitumia, ikiipasha moto kwa nyuzi 56 za Selsiasi, ikiamini inatosha. Hapo sina utetezi.

Amri ya kuchanja, hata hivyo, inaonewa. Wanaoilaumu hupenda kusema hakuna askari wa Marekani aliyeugua homa ya manjano, sasa chanjo ilikuwa ya nini? Sifuri hiyo nimeigeuzageuza, na sioni kama inamsaidia yeyote. Wengi walipelekwa Pasifiki na Ulaya, kusiko na ugonjwa huo, kwa hiyo haithibitishi kwamba chanjo iliwakinga. Lakini tuangalie waliokuwa njiani. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza homa ya manjano, alikuwa tele India na visiwa vya Pasifiki; kilichokosekana ni virusi tu, na watu wa huko hawakuwa na kinga. Wakati huohuo ndege za kijeshi zilikuwa zikikatiza Afrika kutoka magharibi hadi Khartoum, na nyingine kuendelea mashariki. Mwaka 1940 tu, milima ya Nuba hukohuko Sudan ilikumbwa na mlipuko ulioua zaidi ya watu 1,500. Abiria mmoja mwenye virusi damuni akishuka Karachi, iliyokuwa India wakati huo, nani angeuzuia moto huo? Waliochanjwa walikuwa wakiwalinda pia watu ambao hawakuwahi kuonana nao, na hao hawamo katika hesabu ya wakosoaji.

Aprili 1942 chanjo isiyo na seramu ilianza kutolewa. Mbegu ya virusi ilibaki ileile, 17D, na ndiyo inayotumika hadi leo kwa msafiri anayegongewa muhuri kwenye kadi ya njano.