Mizinga 104, Kibano Kimoja

Jamani, aliyesema kuunda meli za mfano kunatuliza akili aje akae hapa mezani kwangu, ashike kibano, halafu ndiyo tuzungumze.

Naunda HMS Victory, ile meli ya Waingereza iliyopigana vita vya baharini vya Trafalgar mwaka 1805. Kipimo 1:100, yaani kila kitu kimepunguzwa mara mia. Kila kitu isipokuwa kazi! Mizinga ni ileile 104, hawakunihurumia hata mmoja. Tena mzinga hauji mzima. Mtutu kivyake, kitako kivyake, magurudumu nayo kivyake, manne manne. Piga hesabu mwenyewe; mimi nilipoanza kupiga nikaona bora nikalale. Na mizinga ya sitaha za chini ndiyo kichekesho. Unaipaka rangi kwa brashi yenye unywele mmoja, unaibandika sawasawa, kisha unaifunika kwa sitaha ya juu. Kinachoonekana baada ya hapo ni midomo tu madirishani.

Na rangi! Nilishafungua kopo la njano, maana Victory kila mtu anaijua ni ya njano na nyeusi. Kumbe mwaka 2015 wataalamu walichimba tabaka za rangi kwenye meli yenyewe, wakasema njano hiyo siyo ya enzi za Trafalgar. Ya wakati ule ilikuwa hafifu, imeelekea uwaridi. Wakaipaka upya. Sawa, wao wana mafundi na jukwaa la kupandia. Kopo langu nimpe nani?

Kamba sasa. Meli ya kweli inatajwa kuwa na kamba za kama kilomita 42, mbio za marathoni nzima, na siku ya vita ilikuwa na watu zaidi ya 800 wa kuzihangaikia. Hapa niko mimi, uzi, kipande cha nta na miwani. Zile ngazi za kupandia milingoti ndizo zinazonizeesha. Kila kidato kinafungwa fundo kwenye kila kamba ya wima inayokatiza. Ukikaza kidogo tu, kamba za wima zinavutana katikati, ngazi inakuwa na kiuno cha nyigu. Ukilegeza, kidato kinaning'inia. Ukisema uimalize kwa tone la gundi, gundi inakauka ikimeremeta, na atakayeingia wa kwanza ataona hapo hapo.

Gundi yenyewe ina ubaguzi. Kwenye mbao inataka ibembelezwe. Kwenye kidole inashika kabla hujamaliza kusema lahaula.

Halafu watu wa nyumbani. Siku nzima hakuna anayesikia joto. Ngoja nipange makapi mezani, yale ya kupitishia kamba, ya milimita 3, ndipo mtu apite akisema "hee, leo kuna joto", awashe feni.

Ila wa kunimaliza ni shemeji. Kaja, kaizunguka meza mikono nyuma kama mkaguzi wa bandari, kaangalia foromali, kaangalia nanga, nikadhani nasifiwa. Akauliza: "Sasa hii inaelea?"

Nikamwambia shemeji, kuelea si kipimo. Mfalme wa Uswidi alijengewa Vasa, manowari ya fahari, michongo kila pembe. Mwaka 1628 iling'oa nanga Stockholm mbele ya umati, ikaenda kama mita 1300, upepo ukaisukuma, maji yakaingia kwenye madirisha ya mizinga, ikazama. Ilikaa chini mpaka 1961 walipoiibua, na leo watu wanalipa kiingilio kwenda kuitazama. Hiyo mbona hamuiulizi?

Shemeji akafikiri, tena kwa makini kabisa.

"Basi ungejenga hiyo," akasema. "Ikizama kwenye beseni, unasema umefuata historia."