Kikao cha simu na kimya cha wajumbe

Kampuni ya usambazaji yenye makao Dar es Salaam na matawi Mwanza, Mbeya na Kigali haiwezi kuwakusanya mameneja kila Jumatatu. Mwanza peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Ndiyo maana vikao vya sauti kwa simu vimeshamiri, na wanaovitetea wana hoja nzito. Zoom, programu ya vikao vya mtandaoni, hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde kwa sauti pekee, ilhali video nzuri ya watu wawili hudai takriban 600. Anayejinunulia bando anaijua tofauti hiyo. Tena Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Simu ya kawaida kati ya Dar na Mbeya haitegemei nyaya hizo.

Wanaovipinga wanasema huoni uso wa mwenzako. Hapo ndipo penye uzito, na wengi wanapita haraka mno.

Chukua mwenyekiti anayeuliza, "Basi tumekubaliana, bei ipande kuanzia tarehe mosi?" Kimya. Anahamia ajenda nyingine. Kumbe wa Mbeya amezima maiki kwa sababu lori linashusha mzigo dirishani. Wa Mwanza, sauti ilikatika palepale kwenye bei. Mtunza stoo anajua wateja watahama, lakini ndiye mdogo kuliko wote na hawezi kumpinga mkubwa mbele za watu. Wangekuwa chumba kimoja, mwenyekiti angemwona ameinamisha kichwa, akamuuliza pembeni baadaye. Kwenye simu, kumbukumbu zitaandikwa "wajumbe waliafiki", na hasara itaonekana mwisho wa mwezi.

Teknolojia nayo inachangia. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, inapendekeza sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ikizidi sana, watu wanaingiliana, kisha kila mmoja anamwachia mwenzake na hakuna anayesema. Kwa hiyo mwenyekiti aite kwa majina, akianza na wadogo, maana bosi akishatamka wengine humfuata. Kwa watu sita inawezekana. Kwa kumi na watano ni kupoteza asubuhi. Nami ningeondoa kabisa kwenye simu masuala ya nidhamu na mivutano ya bei. Hayo yanastahili nauli.

Ratiba ni jambo dogo ila linaharibu vikao vingi. Saa tatu asubuhi ya Dar ni saa mbili Kigali na saa nne Dubai, basi mwaliko utaje saa ya kila mji. Tangu Januari 2022, ofisi za serikali ya shirikisho kule Emirates, nchi yenye Dubai, hufanya kazi nusu siku Ijumaa, kwa hiyo suala linalozihusu lisipangwe Ijumaa mchana.

Je, kikao kirekodiwe? Kurekodi kunamaliza ubishi wa nani alisema nini, na sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka watu wajulishwe taarifa zao zinapokusanywa. Lakini ukishatangaza kwamba unarekodi, yule mtunza stoo ndiyo hatasema kabisa. Naona bora maazimio yaandikwe kwa ufupi, yatumwe siku ileile, na pingamizi zipokelewe hadi kesho yake mchana, hata kwa ujumbe wa faragha kwa mwenyekiti.